Spana Iliyopotea Mkiani mwa Ndege

Wenzangu wa kwaya, mmeniuliza mara nyingi mno, tena kila mmoja kivyake baada ya ibada, na mimi nimekuwa nikijibu vipande vipande huku nimeshika mwavuli na mkoba. Matokeo yake ni kwamba Mama Njeri anaamini tulienda Nanyuki kununua ndege, na mwalimu wa kwaya ameambiwa babangu alikamatwa na jeshi. Yote mawili si kweli. Nimeketi sasa niandike yote kwa mpangilio, ingawa mpangilio ndio kitu tulichokosa tangu siku ya kwanza.

Nianze na jambo lenyewe, msije mkapotea kama nilivyopotea mimi. Babangu, Naftali, alikuwa fundi wa ndege jeshini katika ujana wake. Hilo mnalijua, kwa sababu hawezi kupanda gari la mtu bila kusikiliza injini kwanza. Msilolijua, na ambalo hata mimi sikulijua mpaka mwaka huu, ni habari ya spana.

Kambini kwao vifaa vyote vilining'inia kwenye ubao mkubwa, na nyuma ya kila kifaa umbo lake lilichorwa kwa rangi nyeusi. Fundi akichukua spana, anaangika mahali pake kibati cha shaba chenye namba yake. Jioni ubao unakaguliwa. Kibati kikibaki msumarini, mwenye kibati ndiye anayejibu, na hakuna ndege inayoruka mpaka kifaa kipatikane, maana spana iliyosahaulika ndani ya ndege inaweza kukwama kwenye nyaya za usukani na kumwua rubani. Jioni moja kikabaki kibati cha Hussein, rafiki mkubwa wa Baba. Spana ilitafutwa siku mbili, haikuonekana. Hussein akaitwa mwizi, akafukuzwa bila kiinua mgongo.

Lakini siku ile, karibu na saa ya chai, Baba alikuwa ameazima ile spana ya Hussein ili akaze kitu mkiani mwa ndege. Walipeana mkono kwa mkono, bila kwenda ubaoni kubadilisha vibati, kwa sababu chai ilikuwa inapoa na mandazi yanakwisha. Mafundi wote walifanya hivyo. Baba anakumbuka kuishika. Hakumbuki kuirudisha. Na alipoulizwa na wakubwa wake alisema hajui lolote.

Amekaa na neno hilo zaidi ya miaka arobaini. Juzi binti yangu akamwonyesha picha simuni, makumbusho ya ndege za kivita huko nje ya Nanyuki, na Baba akaitambua ndege yenyewe kwa namba yake. Alilazimika kuisogeza simu mpaka ikamgusa pua, maana ana presha ya macho na daktari ametuambia wazi kwamba muda uliobaki si mrefu.

"Mami," akaniambia. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Nataka kuingiza mkono huko nyuma kabla sijaacha kuona. Kama iko, ni mimi niliiacha. Kama haiko..."

Nilitia mafuta gari.

Thika hadi Wang'uru

Nilidhani tunakwenda Nanyuki moja kwa moja. Baba akasema tupitie Wang'uru kununua mchele, kwa sababu huenda tukakutana na watu wa Hussein na huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Nikamwuliza kama anajua watu hao wako wapi. Akasema Majengo, Nyeri, au walikuwa huko zamani. Nikaona mchele wenyewe una hakika kuliko wenye kuula.

Pale Wang'uru wauzaji wamepanga magunia kando ya barabara na kila mmoja anaapa kwamba mchele wa jirani yake umechanganywa. Baba alipita gunia kwa gunia akinusa. Alitafuna punje mbichi, akatema, akasonga mbele. Wa sita alikuwa mama mmoja mnene mwenye aproni ya buluu, na huyo mchele wake ulimridhisha.

"Ni wa sherehe?" mama akauliza akipima.

"Tunaenda kuomba," Baba akajibu.

"Aai! Kumbe ni mambo ya bibi!" Akageuka kwangu uso ukimeta. "Ni wa kaka yako?"

Mimi sina kaka. Nilifungua kinywa nikamtazama Baba, naye alikuwa anakaza kamba ya gunia kwa umakini mkubwa. Yule mama akatuongezea bakuli zima juu, akatufundisha jinsi ya kukaa mbele ya wakwe, kwamba tusikubali kuketi karibu na mlango na tusimalize nyama yote. Akatuombea. Tuliondoka pale tumebarikiwa kwa ajili ya harusi ya mtu asiyekuwepo duniani.

"Baba, mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia nini?" akasema. Kweli, angemwambia nini.

Kutus, Kutus tena, kisha Karatina

Tulipofika Kutus simu iliniambia nikate kushoto. Nilikata kushoto. Baba akasema siku zao barabara ya Karatina ilikuwa inapanda, na hii inashuka, kwa hiyo siyo. Nikamwambia barabara zimebadilika. Akasema milima haijabadilika. Tulipofika Kagio nikakubali shingo upande, nikageuza gari, na tukapita Kutus mara ya pili mbele ya wazee walewale waliokuwa wameketi nje ya duka, ambao sasa walitupungia mkono.

Karatina tuliingia tumechelewa, tuna njaa, na tumenuniana. Tuliagiza chapati na ndengu katika hoteli moja karibu na soko. Tukingoja, Baba akafungua mkoba wake kuhakikisha hajasahau kitu, akapanga vyombo vyake mezani: tochi ndogo, sumaku iliyofungwa kwenye uzi, na kile kioo kidogo chenye mpini ambacho daktari wa meno hukitia mdomoni. Sijui alikitoa wapi.

Mwanamke wa meza ya pili akasogeza kiti. "Daktari, samahani. Hii ya huku nyuma inaniuma wiki mbili sasa."

Akaachama. Baba, badala ya kueleza, akawasha tochi akachungulia.

"Hii imeoza," akasema. "Enda hospitali wakaing'oe. Usingoje, itakusumbua zaidi."

Mwanamke akamshukuru sana. Alitaka hata kulipia chakula chetu. Nilikula kichwa nimeinamia sahani, nikiomba asitokee mwingine, maana mezani kwa nyuma kulikuwa na mzee aliyeanza kugusagusa shavu lake.

Nyeri, Majengo

Asubuhi ya pili tuliingia Majengo kwa miguu, gari nimeliacha juu barabarani. Baba alikwenda moja kwa moja hadi karibu na msikiti akasimama, akageuka kulia, akageuka kushoto. Pale alipokumbuka duka la mkaa sasa pana jengo la vyumba vya kupanga, nguo zimeanikwa kila ngazi. Tukamwuliza mtu mmoja kuhusu Hussein. Akatupeleka kwa upole mkubwa hadi kwa Hussein anayetengeneza simu, kijana asiyefika miaka thelathini, ambaye alitusikiliza hadi mwisho kisha akauliza simu yetu ina shida gani.

Huyo ndiye aliyetuelekeza kwa Saida. Saida ana kioski cha sukari, majani ya chai na sabuni, naye ni binti wa kaka yake Hussein tuliyemtafuta. Ni mwanamke wa makamo, mtandio wa kijani, mikono myepesi. Alipotusikia tukitaja jina hakuacha kufunga sukari yake kwenye vikaratasi.

"Mnamtafutia nini?"

"Tulifanya kazi pamoja," Baba akasema. "Mimi ni Naftali."

Mikono ya Saida ikasimama. "Nilikuwa mtoto walipokuja kutafuta ile spana yenu. Walipasua magodoro. Walimwaga unga wetu chini, wakapekua na mikono kama wanatafuta dhahabu. Mpaka leo kuna wazee hapa wakiniona wanasema, huyo ni wa nyumba ya spana."

Baba alikuwa ameshika ukingo wa dirisha la kioski.

"Ami alihamia Doldol. Anauza mbuzi," Saida akaendelea. "Nyanya alipokufa alikuja, akazika, akaondoka kabla ya chakula. Hapendi kuonekana hapa. Sasa niambie, mzee, kazi gani hiyo mlifanya pamoja?"

Nilitarajia Baba aseme. Nilimsukuma kidogo kwa kiwiko. Akamshukuru, akanunua pakiti mbili za majani ya chai tusiyoyahitaji, tukaondoka. Kwa kweli niliona aibu, na aibu hiyo nilimwekea yeye.

"Hapo ndipo ungesema," nikamwambia garini.

"Ningesema nini? Ati labda ni mimi? Mtu amemwagiwa unga, umwendee na labda?" Akafunga mkanda. "Kwanza ndege."

Kwenye mstari wa ikweta

Hapa nitapita haraka, ingawa Baba hakupita haraka. Kabla ya kuingia Nanyuki kuna ule mstari unaogawa dunia, na pale kuna mtu mwenye beseni lililotobolewa na njiti ya kiberiti. Anamwaga maji upande mmoja, njiti inazunguka hivi. Anavuka hatua chache, inazunguka vile. Wageni wanapiga picha na kuondoka wameridhika.

Baba alimfanya arudie mara tano. Alidai ni jinsi anavyomimina. Yule mtu akamwambia ajaribu mwenyewe. Baba akamimina, njiti ikakaa palepale bila kuzunguka popote, na wote wawili wakaitazama wamekasirika. Nilipouliza sasa sisi tuko upande gani wa dunia, kila mmoja akanielekeza upande wake. Tulipoteza saa nzima. Nadhani Baba alikuwa anaogopa kufika.

Nanyuki, kwenye ndege zenyewe

Makumbusho yenyewe yako nje ya mji, kwenye shamba la ofisa mmoja mstaafu ambaye sasa ni marehemu. Kibao cha barabarani kimeandikwa kwa mkono: MAKUMBUSHO YA NDEGE ZA VITA, na chini yake, MAYAI YA KIENYEJI. Tulipita kibao hicho mara mbili, tukidhani ni cha mayai tu.

Anayesimamia ni mjane wa ofisa, Mama Kendi, Mmeru mchangamfu mwenye gambuti na sweta ya mume wake. Ndege ziko tano, zimepangwa nyasini, mlima uko nyuma yake lakini siku hiyo ulijifunika wote usione hata ncha. Kuku walikuwa kila mahali. Walilala chini ya mabawa, walipanda ngazi ya rubani, na mmoja alichungulia kutoka pale injini inapovutia hewa.

"Karibuni, karibuni sana," Mama Kendi akasema. "Hii ya kwanza ndio ilipiga vita. Iliangusha mbili."

"Ilipigana wapi?" Baba akauliza.

"Huko," akasema, akionyesha kwa mkono upande wa kaskazini wote.

"Mama, hii ni ya kufundishia. Haikuwa hata na risasi."

"Ati? Basi marehemu alinidanganya," akasema, wala hakuonekana kuumia. "Twende kwa hii ingine. Pole pole hapo, kuku iko na mayai."

Ndege yetu ilikuwa ya tatu. Nilisoma namba puani, nikaisoma tena, nikailinganisha na picha simuni. Ndiyo yenyewe. Baba alivua koti, akapiga magoti mkiani, akaanza kupapasa bati kwa vidole. Alipapasa muda mrefu. Kisha akasimama akitikisa kichwa.

"Mami, hii si yangu."

"Namba ni ileile, Baba. Nimeisoma mara tatu."

"Namba ni yake. Mkia si wake."

Niliona sasa presha imefika mpaka akilini, na nikaanza kupanga jinsi ya kumrudisha nyumbani bila kumvunjia heshima. Aliyetuokoa ni Mama Kendi. Alikumbuka kwamba ndege hazikuja zikiruka. Zililetwa kwa malori, mapua huku, mabawa huku, mikia huku. Marehemu na mafundi wawili wa kuchomelea waliziunganisha nyasini kwa wiki nzima, na pale kitu kilipokataa kuingia walijaribu kingine.

"Ilimradi kila mmoja ipate mkia," Mama Kendi akasema.

Kwa hiyo tulikuwa na pua ya ndege tuliyoitafuta, na mkia wake ulikuwa popote kati ya minne iliyobaki. Na spana, kama ipo, ilikuwa mkiani.

Nikamwuliza Baba atautambuaje. Akaniambia kuna mahali aliwahi kuweka kiraka cha bati kwa riveti, vile vichwa vidogo vya chuma vinavyoshikanisha mabati. Kila safu ilitakiwa iwe na nane. Katika safu moja alitoboa vibaya, akalazimika kuweka tisa, na mkaguzi hakugundua. Ndege nzima ilipakwa rangi juu ya kosa lake. Alinieleza hayo kwa sauti ya chini, kana kwamba mkaguzi bado yuko nyuma yetu.

Basi tukaenda ndege kwa ndege. Macho aliyafunga kabisa, akasema yanamchanganya. Ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana, na kuku akamdonoa kiganja. Ya nne ni ile iliyokuwa na rangi ya udongo, tofauti na zote, na hapo vidole vyake vilikwenda, vikarudi, vikaenda tena. Akahesabu kwa Kikuyu, kwa kunong'ona, na alipofika kenda akaegemeza paji la uso kwenye bati.

Sitaficha, nililia kidogo. Mama Kendi alinipa ncha ya leso yake bila kuuliza kitu.

Chini ya kiraka kuna kifuniko. Baba alifungua skrubu zake kwa sarafu. Kioo cha daktari wa meno kilionyesha giza tu, sumaku ilinasa nyaya za usukani kila iliposhuka, na mkono wa Baba ulikuwa mnene kuliko zamani. Ikabidi niingize wangu, mpaka begani, shavu limebanwa kwenye ndege ya jeshi.

"Enda chini," Baba akasema. "Kuna kama rafu. Nyuma yake kuna nyaya mbili. Papasa hapo kati."

Nilitoa gunzi la mahindi. Nilitoa ganda la yai, kisha kizibo cha soda, kisha manyoya, kisha waya mfupi uliopinda. Kila nilipotoa kitu Baba alinyoosha kiganja, nami nikamwekea, naye akakipima kwa vidole kabla ya kukiweka nyasini. Niliifikia rafu. Nilizifikia nyaya. Katikati yake palikuwa patupu.

"Angalia tena."

Niliangalia tena. Niliangalia mpaka mkono ukafa ganzi.

"Mnatafuta vyuma?" Mama Kendi akauliza. "Hizi zilipanguliwa kabla ya kuletwa. Chochote kililegea huko ndani walitoa, kikaenda na watu wa skrepa. Marehemu alinung'unika sana, alitaka zile saa za pale mbele ya rubani."

Baba akaketi kwenye gurudumu. Mimi, wenzangu, nilifurahi. Nasema ukweli. Nilimchuchumalia mbele nikamwambia kwa shangwe, "Haimo, Baba! Haimo. Yaishe. Twende nyumbani."

"Haimo leo," akasema.

"Lakini hakuna anayeweza kusema ilikuwemo."

"Wala kusema haikuwemo." Alimsikiliza kuku mmoja aliyekuwa anajisifu kwa yai lake. Nilidhani anapumzika. Kisha akamwomba Mama Kendi maji ya kunawa, akanawa mpaka viwiko, akavaa koti, akafunga vifungo vyote.

"Doldol ni mbali?" akamwuliza.

Sikuelewa. Tulikuja kutafuta hakika, hatukuipata, na sasa ndipo anataka kwenda. Asubuhi ileile alikuwa amesema hawezi kumwendea mtu na labda. Nilimkumbusha hayo kwa sauti ambayo binti hapaswi kuitumia kwa baba yake. Aliniacha nimalize.

"Mami, nilikuja hapa nikiomba isiwemo," akasema. "Na haikuwemo. Na sijisikii vizuri."

Doldol

Tulilala Nanyuki, tukatoka asubuhi. Ardhi inabadilika upesi upande huo: mashamba yanaisha, nyasi zinakauka, miti inakuwa ya miiba, na mbuzi wanavuka barabara bila kukutazama. Baba alikuwa ananong'ona njia nzima, akirudia maneno, akiyapunguza.

Kwa Hussein ni nyumba ya mabati yenye tangi kubwa la maji na zizi la miiba pembeni. Barazani walikuwa wanaume wawili wakinywa chai. Baba alimwendea wa kwanza kwa mikono miwili, akamshika, akaanza, "Hussein, ndugu yangu," na yule mtu akasema taratibu kwamba yeye ni mchinjaji tu, amekuja kuchukua mbuzi. Hussein ni yule mwingine, mrefu, ndevu zimepakwa hina, ambaye alikuwa amekwisha kusimama. Nadhani alimtambua tangu tulipofungua mlango wa gari.

Mchinjaji akachukua mbuzi wake akaondoka. Hussein hakutukaribisha kuketi, wala hakutufukuza. Baba akavua kofia.

"Niko na neno moja," akasema. "Ile spana. Nilikuwa nayo. Sijui niliiweka wapi. Jana nimeenda Nanyuki kuangalia ndani ya ile ndege, haiko. Lakini nilikuwa nayo."

Hussein akasogea karibu.

"Ulienda kuuliza ndege, Naftali?" Kiswahili chake ni kizuri, cha mtu aliyezaliwa Majengo. "Mimi nilikuwa hapa. Ungeniuliza mimi. Nilikupa kwa mkono huu, na mafuta yake yakabaki hapa kidoleni. Sikuhitaji ndege iniambie."

"Ulijua?"

"Nilijua siku ileile."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema! Nani aliniamini? Kibati kilikuwa changu. Wewe ndiye ulibaki wa kunisemea. Nilisimama pale getini na sanduku langu mpaka saa kumi na moja, nikijua utatoka useme. Uliponiona ulipitia mlango wa jikoni."

Hilo la mlango wa jikoni Baba hakuwahi kuniambia. Nilimtazama, naye hakukana. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo nilitamani kumshika mkono, na sikufanya lolote kati ya hayo.

Hussein akaita ndani. Akatoka mkewe, na binti yake mkubwa Halima, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye tuna umri unaokaribiana.

"Sema tena," Hussein akamwambia Baba. "Hawa wameishi na hilo jina kuliko wewe."

Baba akasimama wima, mikono imebana mapajani kama alivyofundishwa jeshini.

"Naitwa Naftali. Spana ilikuwa kwa mkono yangu. Hussein hakuiba. Nilijua, nikanyamaza."

Halima alimtazama baba yake, si babangu. Hatimaye tukapewa viti na chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi, na sikujua kama ni ukarimu au ni kwamba hakuna mtu anayekosa kupewa chai nyumba ile. Niliteremsha mchele, mke wa Hussein akaupokea kwa asante ya kawaida. Nilijaribu kusoma uso wake nikashindwa.

Baada ya muda akaja mwana wa pili, Abdi, anayeendesha lori. Hussein akanyoosha kidole tu. Baba akasimama, akasema maneno yaleyale, mikono vilevile. Abdi akauliza, "Na pensheni ya baba?" Baba akasema, "Sina jibu." Abdi akaingia ndani akabamiza mlango. Chai ikamiminwa tena.

Alibaki Yusuf, kitinda mimba, ambaye alikuwa sokoni. Tulimngoja. Hussein aliuliza macho ya Baba yameanza lini, Baba akajibu. Kisha tukasikia hatua kwenye changarawe. Baba haoni umbali huo. Hakungoja kidole. Alisimama mwenyewe, akaweka kikombe chini, akakielekea kile kivuli kilichosimama penye ngazi.

"Naitwa Naftali. Spana ilikuwa kwa mkono yangu."

Hakuwa Yusuf. Alikuwa jirani, mzee mmoja mwenye fimbo na debe. Niliinuka nimzuie Baba, Hussein akanipa ishara niketi.

"Hussein hakuiba," Baba akaendelea. "Nilijua, nikanyamaza."

Jirani alimtazama Baba, akatutazama sisi wote mmoja mmoja. "Pole sana, mzee," akasema. "Mimi nilikuwa nakuja kuomba maji."

Halima alicheka, akafunika mdomo. Hussein hakucheka. Alikuwa ameangalia ile mikono ya Baba iliyobana mapajani.

"Keti, Naftali," akasema. "Inatosha."

Mnaniuliza kama alisamehewa. Sijui, wenzangu. Hakuna aliyelitaja neno hilo, na mimi nilikuwa sielewi mambo mengi siku ile. Ninachojua ni kwamba Yusuf alipofika kweli, jua limeanza kushuka, Baba alishika mikono ya kiti ainuke, na Hussein akamwekea mkono begani akamzuia. Akamsimulia mwanawe yeye mwenyewe, kwa lugha yao ya nyumbani, taratibu, kwa muda mrefu. Sikuambulia kitu ila jina la Baba. Lilipotajwa mara ya kwanza Yusuf aligeuka akamkazia macho. Lilipotajwa mara ya mwisho alikwenda akaketi karibu naye, akakiokota kikombe ambacho Baba alikuwa anakipapasa pale chini bila kukipata, akamwekea mkononi.